Wino wa Kujazia Hauna Kosa

Kuna fundisho linalorudiwa kila picha inapochapwa: tumia wino wa kampuni iliyotengeneza printa, mwingine wote ni feki. Nalipinga. Kwa picha nyeusi-nyeupe hasa, ni fundisho la uvivu.

Pembeni mwa Owino, na ukipanda hadi Nasser Road, printa nyingi hujazwa kwa chupa za bei nafuu. (Jina la Owino halihusiani na wino, ingawa mwanafunzi wa Kiswahili akilisikia lazima acheke.) Mteja huleta picha ya marehemu babu yake, ikachapwa upya, ikatundikwa sebuleni. Baada ya muda babu amekuwa wa kijani, au mwekundu kama tofali. Ndipo tunasema: si unaona, wino feki! Lakini printa ya rangi mara nyingi haitengenezi kijivu kwa wino mweusi pekee. Huchanganya samawati, majenta na njano. Mmoja ukizidi kidogo, au ukipauka kabla ya wenzake, kijivu huegemea upande. Hata wino wa kampuni, ukiwa ni wa rangi iliyoyeyushwa, hupauka juani. Huchelewa tu.

Tena, baadhi ya wanaozijali sana picha nyeusi-nyeupe ndio walioukimbia wino wa kampuni. Huko Marekani, Jon Cone aliuza wino wa Piezography: nafasi zote za wino katika printa ya Epson hujazwa weusi wa viwango mbalimbali, wa kukolea hadi mwepesi. Paul Roark naye alitoa bure kanuni za kuzimua wino wa kaboni. Na kaboni ni masizi tu, jamani! Wamisri wa kale waliandika kwa masizi, na maandishi yao yanasomeka hadi leo. Una ila zake: huelekea ukahawia, na chembe zake hutuama zikaziba kichwa cha printa iliyokaa bila kazi.

Ninayemshtaki ni muuzaji asiyesema anachouza, pamoja nasi tunaomwuliza "ni orijino?" badala ya "umetengenezwa kwa nini?" Chupa ya maji Kampala hutakiwa kuwa na alama ya UNBS. Chupa ya wino mara nyingi imeandikwa "nyeusi", basi.

Mwaka 2019 Jumba la Makumbusho la Uganda lilionyesha picha za enzi za Idi Amin kutoka hazina ya negativi za shirika la utangazaji la taifa. Negativi hizo ni maelfu kwa maelfu. Tukitaka zifike katika shule za Arua na Mbarara, nani atalipia wino wa kampuni?

Anayebisha ajaribu. Chapa kijivu kwenye karatasi ya kawaida, ikauke, udondoshee maji. Kikitapakaa, huo ni wino wa kuyeyuka. Kisha funika nusu ya picha kwa kadibodi, uiache dirishani mwezi mzima, halafu umpelekee muuzaji aione.