Duara ku macho ya mutoto: tusilaumu mama, tupime moyo

Mutoto amezaliwa muzima. Kisha juma chache, mama anamuogesha, anaona maduara kuzunguka macho, zingine ku paji na ku kichwa. Ku ngozi yetu nyeusi wekundu unajificha: unaona alama zilizopauka katikati, zimekolea pembeni.

Ku avenue maneno inaanza. Jirani: «Balimuloka.» Mwingine: «Ni vumbi ya mine, baba yake anairudisha ku nguo.» Wakwe wanamuangalia bibi vibaya.

Kuna ugonjwa unaofanya vile. Hauko mwingi, lakini tuujue: lupus ya mutoto muchanga. Si uchawi, hauambukizi. Ndani ya damu ya mama muko askari wa mwili waliokosea njia; wakati wa mimba wanapita ku kondo na kumufikia mutoto. Jua inachokoza maduara. Mama mwenyewe anaweza kuwa hasikii kitu. Wengi wanajua hali yao siku ile mutoto anaonyesha alama.

Ngozi yenyewe haitishe: askari wa mama wakiisha, kwa miezi 6 mpaka 8, inapona. Hatari njo iko ku moyo. Askari wale wale wanaweza kuharibu njia ya umeme ya moyo. Moyo wa mutoto muchanga unapiga kama mara 110 mpaka 160 kwa dakika. Ukiharibika hivi, unaweza kushuka chini ya 80. Uharibifu ukikamilika, haurudi nyuma.

Basi, usimupake pomadi ya kuangaza ngozi, usimuanike ku jua. Mupeleke ku hopitali. Munganga atatofautisha na joto, ukungu ao kaswende, maana maduara mengi si lupus. Muombe apime moyo na mashine ya ECG, na damu ya mama. Mimba ingine ikikuja, ambia mukunga mapema, moyo wa mutoto usikilizwe tangu mwezi wa ine.

Kwa wakubwa wa kampuni: ECG ya mutoto ni dakika chache. Isiwe haki ya mutoto wa mwenye kontra tu. Wa mutumikaji wa kampuni ndogo na wa muchimbaji pia wana moyo.

Na wewe baba, kabla ya kumuuliza bibi alifanya nini, mubebee mutoto, muende pamoja.