Nikeli ya Ngara itasafishwa wapi?
Mgodi wa Kabanga ukianza, watu wa Mugoma na Ngara nzima waulize: nikeli inasafishwa wapi?

Mwaka 1890 Ludwig Mond na wenzake, Uingereza, walionyesha kuwa nikeli ikipitishiwa kaboni monoksaidi hugeuka gesi, nikeli kabonili. Gesi hiyo ikipashwa moto zaidi, huacha nikeli safi. Ni sumu kali, lakini ilizaa kiwanda: kuanzia 1902 nikeli ya Canada ilisafishwa Clydach, Wales. Mgodi kwingine, ajira za kiwanda kwingine.

Kwetu, mkataba wa Januari 2021 uliipa serikali hisa 16% za Tembo Nickel. Mpango ni kusafishia Kahama, bila gesi hiyo. Afadhali, inabaki nchini. Ila Ngara isiishie kupakia malori tu. Vijana wake wasomeshwe kazi za kiwanda sasa.