Daftari Lilikuwapo, Mwenye Mali Hakuwapo



Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii imetumiwa sana kuwakemea watawala wetu wa baada ya uhuru, tena kwa haki, maana nchi iliyopitia kashfa ya Goldenberg mwanzoni mwa miaka ya 1990 haihitaji kufundishwa jinsi fedha za umma zinavyopotea. Lakini wapo miongoni mwetu, hata watu wazima wanaomcha Mungu, wanaokwenda hatua moja zaidi na kusema: heri mkoloni, kwa kuwa mkoloni alikuwa na daftari. Barabara ikipangwa ilijengwa, na shilingi ikipungua katika hesabu ilitafutwa.

Tumeona ni wajibu wetu kulijibu neno hilo, si kwa hasira bali kwa ushahidi. Ni kweli kwamba daftari lilikuwapo. Swali ambalo mwananchi mwenye busara hana budi kuuliza ni hili: nani alilishika, nani alijaza mfuko, na nani aliketi mezani siku ya kugawa?

Tuanze na jinsi makadirio ya serikali ya kikoloni yalivyotengenezwa. Kila mwaka wakuu wa idara za ujenzi, afya, elimu, kilimo na polisi walipeleka mahitaji yao makao makuu. Mweka Hazina aliyalinganisha na mapato yaliyotazamiwa, Gavana na washauri wake wakakata hapa na kuongeza pale. Kisha makadirio yaliwekwa mbele ya Baraza la Kutunga Sheria, ambalo lilikutana kwa mara ya kwanza mwaka 1907, na kamati teule ikayachambua. Mwisho wa yote idhini ilitoka London kwa Waziri wa Makoloni.

Ifuateni njia hiyo yote, kutoka meza ya mkuu wa idara hadi ofisi ya London. Hakuna kituo hata kimoja ambapo Mwafrika mlipa kodi aliulizwa neno. Walowezi walianza kuwachagua wajumbe wao wa Baraza mwaka 1920. Mwafrika wa kwanza, Eliud Mathu, hakuingia humo hadi Oktoba 1944, tena kwa kuteuliwa na Gavana. Kwa muda wa miaka 37 Baraza hilo lilijadili barabara, shule na hospitali za nchi yetu bila Mwafrika hata mmoja kuwamo.

Je, mfuko huo ulijazwa na nani? Kodi ya nyumba ilianza mwaka 1901, kwa rupia zisizozidi 2 kwa kila nyumba, na baadaye ikapanda hadi rupia 3. Mwenye wake watatu katika nyumba tatu alilipa mara tatu. Mwaka 1910 ikaongezwa kodi ya kichwa kwa wanaume ambao hawakutozwa ya nyumba. Kwa kuwa kodi hizi zilidaiwa kwa fedha taslimu, zilikuwa pia fimbo ya kuwasukuma watu wakatafute ujira katika mashamba ya walowezi. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza kiwango kikapandishwa hadi shilingi 16, wakati uleule ambapo walowezi walikuwa wakipanga kupunguza mishahara kwa thuluthi moja.

Linganisheni hayo na yaliyowapata walowezi wenyewe. Mwaka 1921 serikali iliwawekea kodi ya mapato. Walilalamika, na wajumbe wao wakalalamika kwa niaba yao, na mwaka 1922 kodi hiyo ikafutwa. Pengo lake likazibwa kwa ushuru wa forodha, ambao mwananchi wa kawaida aliulipa dukani kila aliponunua nguo au blanketi. Kodi ya mapato haikurudi hadi mwaka 1937. Mwenye kiti Barazani alilalamika kwa maneno, na kodi yake ikaondolewa.

Mlipa kodi asiyekuwa na kiti alilalamika vipi? Harry Thuku na wenzake wa East African Association walipinga kodi, kipande na kupunguzwa kwa mishahara. Thuku alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye umati uliokusanyika nje ya kituo cha polisi jijini Nairobi ulipigwa risasi. Mary Muthoni Nyanjiru, aliyewahimiza wanaume wasiogope, alikuwa miongoni mwa waliouawa. Hesabu ya serikali ilitaja watu 21, na wengine wakasema kwamba idadi ilikuwa kubwa zaidi. Mwaka huohuo kodi ilipunguzwa kutoka shilingi 16 hadi 12. Mlowezi alipata nafuu kwa hoja katika Baraza, na Mwafrika alipata nafuu kwa maiti barabarani. Hiyo ndiyo tofauti ya kuwamo na kutokuwamo.

Sasa tutazame matumizi. Mwaka 1921 nchi ilikopa London pauni milioni 5 kwa ajili ya reli na bandari, deni lililodhaminiwa kwa mapato ya nchi nzima. Katika miaka iliyofuata matawi ya reli yalielekea walikokuwa walowezi: Kitale, Thomson's Falls ambayo leo ni Nyahururu, na Nanyuki. Mwaka 1931, dunia ikiwa katika mdororo wa uchumi, shule ya serikali ya wavulana wa Kizungu ya Prince of Wales, ambayo leo ni Nairobi School, ilifunguliwa katika majengo ya fahari yaliyochorwa na Herbert Baker, msanifu mashuhuri wa dola ya Waingereza. Alliance, shule ya upili iliyofunguliwa mwaka 1926 kwa ajili ya Waafrika, ilianzishwa na muungano wa makanisa ya Kiprotestanti.

Wazazi wetu wa rizavu waliambiwa kwamba wakitaka shule zaidi wajitoze wenyewe. Mabaraza ya Wenyeji, yaliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1924, yalikusanya ada ya pili juu ya kodi ya serikali kuu, na huku Mkuu wa Wilaya, Mzungu, ndiye aliyekalia kiti cha mwenyekiti. Mabaraza ya wilaya za walowezi, yaliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 1928, yalitegemea sana ruzuku ya serikali kwa barabara zao.

Kuna mchango mwingine ambao haukuandikwa kabisa. Sheria ya Mamlaka ya Wenyeji ya mwaka 1912 iliwapa machifu na wazee uwezo wa kuwatoa watu kwenda kufanya kazi za umma, na marekebisho ya mwaka 1920 yaliruhusu kazi ya lazima ya serikali, yenye ujira, hadi siku 60 kwa mwaka. Barabara nyingi za rizavu zilichimbwa na kufyekwa bila malipo, na mara nyingi walioinama na majembe walikuwa akina mama. Katika vitabu vya Mweka Hazina jasho hilo halikuwa na safu. Barabara ya mlowezi ilionekana kama gharama iliyolipwa, na barabara ya rizavu ilionekana kana kwamba haikumgharimu mtu yeyote. Hivyo hata daftari lenyewe, ambalo wazee wetu wanalisifu kwa usafi wake, halikusema kweli yote.

Wala si sisi tu tunaosema hivi. Mwaka 1932 Lord Moyne, aliyetumwa na Uingereza kuchunguza fedha za Kenya, alikiri katika ripoti yake kwamba kwa muda mrefu Waafrika walikuwa wamechangia kwa wingi hazina ya jumla, na kwamba huduma walizorudishiwa hazikulingana na mchango huo. Alipendekeza mfuko maalumu wa kuwanufaisha. Haya yalikuja miaka tisa baada ya serikali ya Uingereza kutangaza, katika Waraka wa Devonshire wa mwaka 1923, kwamba masilahi ya Waafrika yatatangulia. Kwa hiyo tamko lilikuwapo na uchunguzi ulikuwapo. Kilichokosekana ni mtu wetu katika chumba cha kugawa, na tamko lisilokuwa na mtu chumbani halikuzaa zahanati.

Mwisho wa deni hilo ulikuwa damu. Kwa hesabu ya serikali yenyewe, hadi katikati ya mwaka 1959 Hali ya Hatari ilikuwa imegharimu zaidi ya pauni milioni 55. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, ambao ulikusudiwa kuinua kilimo cha Waafrika, ulitengewa pauni milioni 5. Serikali isiyokuwa na fedha za kuwasikiliza watu ilipata mara 11 ya fedha hizo ili kuwanyamazisha.

Tulipopata uhuru bendera ilibadilika upesi kuliko meza. Waraka wa Serikali Namba 10 wa mwaka 1965 ulisema kwamba fedha za maendeleo ziwekwe mahali ambapo zitazaa matunda mengi zaidi: penye ardhi nzuri, mvua, usafiri na umeme. Maneno hayo yana sura ya busara. Lakini usafiri na umeme ulikuwa umepelekwa wapi, na kwa uamuzi wa nani? Makadirio ya mkoloni yakawa hoja ya makadirio ya mwananchi, na watu wa Turkana, Wajir na Mandera wakaambiwa wangoje.

Ndiyo maana harakati hizi zilipodai kuondolewa kwa kifungu cha 2A, kilichofutwa Desemba 1991, hazikudai vyama vingi kwa sababu vyama ni vitamu. Zilidai kwamba anayelipa awe na mtu wa kumsemea, na anayesemewa awe na uwezo wa kumwondoa msemaji wake. Katiba ya mwaka 2010 iliendelea mbele zaidi. Kifungu cha 201 kinataka uwazi na ushiriki wa wananchi katika mambo ya fedha za umma. Kifungu cha 203 kinaziwekea kaunti kiasi kisichopungua asilimia 15 ya mapato ya taifa. Kifungu cha 204 kimeunda mfuko wa kuyainua maeneo yaliyosahauliwa.

Hata hivyo, Juni 2024 vijana wetu walijaa barabarani kupinga Mswada wa Fedha. Bunge liliupitisha tarehe 25 Juni, waandamanaji wakaingia katika majengo ya Bunge, na watu wakauawa kwa risasi. Siku iliyofuata Rais alitangaza kwamba hatautia saini. Mwenye kukumbuka Machi 1922 hawezi kulisoma jambo hilo bila kutetemeka. Mara hii wawakilishi tulikuwa nao, tuliwachagua wenyewe, na bado mlipa kodi alisikika baada tu ya kuanguka.

Hapa tuna neno kwa kanisa. Kuanzia mwaka 1924 aliyeteuliwa kuyasemea masilahi ya Waafrika katika Baraza alikuwa mmisionari, Dakta John Arthur wa misheni ya Kiskoti. Hatumdharau. Lakini kuwasemea watu si sawa na watu kusema. Kule Nyanza, Arkidikoni Owen alishirikiana na wenyeji katika chama ambacho jina lake lenyewe lilikuwa la walipa kodi, Kavirondo Taxpayers' Welfare Association. Wapo wanaosema kwamba alikipunguzia makali, lakini ndani yake wenyeji waliandika madai yao wenyewe. Na kutoka kanisa lilelile lililozaliwa na misheni ya Arthur alitokea Mchungaji Timothy Njoya, ambaye katika mahubiri yake ya siku ya kwanza ya mwaka 1990 alithubutu kuuliza utawala wa chama kimoja utadumu hadi lini. Kanisa lina njia zote hizo katika urithi wake, na halina budi kuchagua.

Tunawaomba basi wasomaji wetu, kila parokia na kila kikundi, wafanye kazi ambayo si ya wanasheria peke yao. Mpango wa maendeleo wa kaunti huwekwa mbele ya bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Mwelekeo wa matumizi hufuata kufikia tarehe 28 Februari. Makadirio yenyewe huwasilishwa kufikia tarehe 30 Aprili. Ziandikeni tarehe hizo katika kalenda ya kanisa pamoja na za Kwaresima na Pasaka. Dai nakala. Tafuta jina la wadi yako. Uliza zahanati iliyoandikwa mwaka jana iko wapi, na ni nani aliyechimba barabara iliyoandikwa kuwa imelipiwa. Msingoje Juni, wakati mambo yamekwisha kupikwa na wananchi wanaitwa kuja kuosha vyungu.

Wasomaji wa Biblia wanamkumbuka Rehoboamu, aliyeombwa na watu wake awapunguzie nira. Aliwaacha wazee waliomshauri vema, akawasikiliza wenzake waliokua pamoja naye, kisha akamtuma msimamizi wa kazi za shokoa kwenda kwa watu waliokwisha kuchoka. Ufalme ukagawanyika, wala haukuunganika tena. Hatuwatakii watawala wetu mwisho huo, wala hatuitakii nchi yetu. Tunachowataka ni kwamba daftari la nchi liwekwe mezani likiwa wazi, na mwenye mali aketi mbele yake akiwa na kalamu mkononi, kabla hesabu haijafungwa.