Mwalimu wa Wadogo

Katika vijiji vyetu vya Mbulu na Hanang wako watu wasemao, “Darasa la awali si kitu; watoto huimba tu na kucheza. Mwalimu ye yote aweza kulishika.” Neno hili twalikataa, na sababu yetu ni hii.

Serikali imekwisha kutengeneza njia. Sera ya mwaka 1995 iliingiza elimu ya awali katika utaratibu wa shule. Sera ya 2014 ikaufanya mwaka mmoja wa awali kuwa lazima. Na tangu 2016 shule za serikali hazidai ada. Mlango u wazi. Lakini yamfaa nini mtoto kuingia, ikiwa hasikii lugha inenwayo ndani?

Mfikirini mtoto wa Kiiraqw, au wa Kidatoga. Miaka mitano amesema na mama yake kwa lugha ya nyumbani. Siku moja aingia darasani, aambiwa kwa Kiswahili aketi, ahesabu, ajibu. Wala lugha hizo si jamaa ya Kiswahili: Kiiraqw ni katika lugha za Kikushi, na Kidatoga katika za Kiniloti. Basi mtoto hunyamaza, nasi walimu twamwita mzito wa akili. Kosa ni letu. Mara nyingi mwalimu hodari hupewa darasa la mtihani, na wadogo huachiwa ye yote aliyebaki.

Hatusemi Kiswahili kiachwe. Ndicho lugha ya Taifa, nacho kitamfaa mtoto maisha yake yote. Twasema avushwe kwa kushikwa mkono: atajiwe kitu kwanza kwa neno la nyumbani, kisha kwa neno la Kiswahili, hata alizoee.

Kwa hiyo, wazazi, katika mkutano wa shule ulizeni: Nani afundisha wadogo? Je, amefundishwa kazi hiyo, naye ajua lugha yao? Mwombeni mwalimu mkuu awape aliye hodari. Ikiwa hajui lugha ya nyumbani, mchagueni mama wa kijijini mwenye subira amsaidie, nanyi mchange mahindi kwa ajili yake. Msingoje mpaka darasa la mtihani ndipo mwulize kwa nini mtoto hajui kusoma. Samaki mkunje angali mbichi.