FLETI HAIJAROGWA: Acheni waganga, tazameni hati, bei na riba

Kila sifa njema anastahiki Allah (s.w.), Mola Mlezi wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, Maswahaba zake na kila aliyefuata mwendo wao kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo:

Ndugu zetu Waislamu wa Singida, lipo jambo limeenea miongoni mwetu nalo halifai kunyamaziwa. Mzee hufariki dunia akiwa ameacha fleti Dar es Salaam, aliyoipata kwa jasho la miaka mingi ya kupakia vitunguu na mafuta ya alizeti. Warithi hukubaliana iuzwe. Unapita mwaka, inapita miwili, mnunuzi hapatikani. Hapo minong'ono huanza: "Fleti ile imefungwa. Kuna mkono wa mtu." Kinachofuata ni safari ya kwa mganga. Hupigwa ramli, huchinjwa kuku mweusi, hirizi hutundikwa juu ya mlango wa ghorofa ya nne, na ubani hufukizwa katika chumba kisicho na hata kiti. Ajabu ni kwamba fedha za kazi hiyo hupatikana haraka, hali ya kuwa fedha za kufuatilia hati kwa msajili huambiwa hazipo!

Sisi tunasema wazi: fleti haijarogwa. Fleti haiuzwi kwa sababu zinazojulikana, zinazoonekana kwa macho na kuhesabika kwa vidole. Na mwenye kuziacha sababu hizo akamkimbilia mganga amepata hasara mbili: fleti hakuiuza, na dini yake ameitia doa.

Husuda ipo, lakini haiandiki hati

Asije mtu akatuzushia kwamba tunakanusha husuda au uchawi. Husuda imethibiti katika Qur'an, nasi tumefundishwa katika Suratul-Falaq kujikinga kwa Allah na shari ya hasidi. Dawa yake ni hiyo hiyo tuliyofundishwa: nyiradi za asubuhi na jioni, dua na kutawakali. Ama mganga, Mtume (s.a.w.) ametuhadharisha kwamba anayemwendea mpiga ramli na kumuuliza jambo, swala yake ya siku arubaini haikubaliwi. Kutundika hirizi nako amekuhesabu kuwa ni katika shirki.

Kisha tuulize kwa akili ya kawaida. Kule Kigamboni ulianzishwa mradi mkubwa wa Dege, ambamo Mfuko wa NSSF ulikuwa mshirika, uliokusudiwa kuwa na nyumba zaidi ya 7,000. Ujenzi ukasimama mwaka 2016 na majengo yakabaki magofu kwa miaka. Je, mradi ule nao ulitupiwa jini? Ni shangazi yupi wa Iramba au Manyoni aliyekuwa na husuda ya kutosha kufunga nyumba elfu saba? Kila mwenye akili atasema kwamba huko palikuwa na mahesabu, mitaji, mikataba na soko. Basi kwa nini fleti moja ya marehemu baba yetu isiwe na mahesabu na soko, bali iwe na jini?

Sababu ya kwanza: kinachouzwa hakina hati

Anayeuza kiwanja hapa Mandewa au Misuna anamwonesha mnunuzi ardhi na mipaka yake. Anayeuza fleti anauza kitu kingine kabisa. Anauza vyumba vilivyo angani, vilivyobebwa na vyumba vya mtu wa chini na kufunikwa na vyumba vya mtu wa juu, pamoja na sehemu yake katika ngazi, paa, bomba na ardhi isiyogawanyika.

Wanazuoni wetu waliliona jambo hili zamani. Katika vitabu vya fiqhi mna milango inayozungumzia mwenye ghorofa ya juu na mwenye ghorofa ya chini: nani atengeneze dari, na nani azuiwe kutoboa ukuta. Majalla ya hukumu iliyoandaliwa katika dola ya Uthmaniya kati ya mwaka 1869 na 1876 imeeleza kwamba wa juu ana haki ya kutulia juu ya jengo la wa chini, na wa chini ana haki ya kusitiriwa na jengo la wa juu, wala hapana kati yao awezaye kufanya jambo la kumdhuru mwenzake bila ya idhini yake.

Hapa kwetu ipo Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Jengo ya mwaka 2008. Kwa sheria hiyo kila fleti yaweza kuwa na hati yake, na wamiliki wa jengo huwa na chama chao cha kusimamia maeneo ya pamoja. Lakini wangapi katika sisi wamelifuatilia hilo? Wapo waliopewa karatasi ya mauziano tu, na hati ya kiwanja kizima ikabaki kwa aliyejenga. Mnunuzi mwenye fedha taslimu, akiambiwa "hati ipo inashughulikiwa", huaga kwa adabu na harudi. Na kwa nini arudi? Ananunua mali au ananunua kesi?

Sababu ya pili: mirathi iliyolala

Hili ndilo linalotuumiza zaidi, kwa kuwa ndani yake mna haki za wajane na mayatima. Baba amefariki, jina lililoko kwenye hati ni la marehemu, msimamizi wa mirathi hajateuliwa, au ameteuliwa akakaa kimya. Mahakama ya Mwanzo inamtaka msimamizi awasilishe orodha ya mali na madeni ndani ya miezi minne tangu kuteuliwa, isipokuwa akiongezewa muda. Sisi tunao wasimamizi waliokaa miaka minne! Wakati huo huo kaka mkubwa amehamia ndani ya fleti pamoja na familia yake, halipi kodi, na kila mnunuzi akija humwonesha uso wa kazi.

Tupige hesabu ili jambo liwe wazi. Tuchukulie fleti inauzwa shilingi milioni 80, deni wala wasia hakuna, na marehemu ameacha mke mmoja, mtoto mmoja wa kiume na wawili wa kike, bila ya mzazi aliye hai. Mke ana thumni, yaani milioni 10. Zinabaki milioni 70: wa kiume milioni 35, na kila binti milioni 17 na nusu. Kwa mama anayelima alizeti huku Ikungi, milioni 10 si maneno ya mchezo. Ni paa, ni matibabu, ni ada za wajukuu. Kila mwezi fleti inapokaa bila ya kuuzwa kwa sababu mtu mmoja hataki kuhama, mama huyo anadhulumiwa. Kaka yetu, ama uwaridhie wenzako nao wakuridhie, ama uwalipe fungu lao la kodi, ama utoke. Na ikiwa miongoni mwa warithi mna yatima, soma aya ya kumi ya Suratun-Nisaa kabla hujalala humo usiku wa leo.

Tena mnunuzi mwerevu huuliza: warithi wote wametia saini? Na ikiwa muuzaji yu hai, huuliza: mkewe ameridhia? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 imezuia nyumba ya ndoa kuuzwa bila ya ridhaa ya mwenza. Saini moja ikikosekana, biashara imesimama. Huo si uchawi, ni haki ya mtu imeruka.

Sababu ya tatu: bei ya ndoto

Warithi wengi huweka bei kwa kumsikiliza jirani aliyeuza zamani. Mji umebadilika. Mwezi Julai 2016 ilitangazwa kwamba serikali yote inahamia Dodoma, na watumishi wakafuata wizara zao. Majengo mapya nayo yameendelea kuota, kila moja likitafuta mnunuzi yule yule. Wageni wasio raia hawaruhusiwi na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 kumiliki ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, kwa hiyo mlango huo ni mwembamba. Wapo waliotaja bei kwa dola wakidhani ndiyo heshima ya mali, mpaka kanuni za Machi 2025 zilipokataza kutaja bei za ndani kwa fedha za kigeni.

Juu ya bei hiyo dalali huongeza "cha juu" chake asichomwambia mwenye mali. Ujira wa dalali ni halali ukijulikana. Ama kuficha bei, na kumleta mtu wa uongo apandishe dau ili mnunuzi wa kweli ashtuke, hiyo ni najshi aliyoikataza Mtume (s.a.w.).

Sababu ya nne: aibu iliyopakwa rangi

Tarehe 29 Machi 2013 ghorofa lilianguka katikati ya Dar es Salaam likaua watu 36. Novemba 2024 jengo likaanguka Kariakoo, na roho nyingi zikapotea. Allah awarehemu waliotangulia. Baada ya misiba hiyo mnunuzi anapoona ufa hauoni kama ufa, anaona kaburi. Naye muuzaji hufanya nini? Huleta kopo la rangi! Bomba linavuja ndani ya ukuta, anapaka rangi. Lifti imekufa tangu mwaka juzi, anasema "fundi anakuja kesho". Michango ya ulinzi, maji na usafi haijalipwa, ananyamaza.

Mtume (s.a.w.) aliingiza mkono katika chungu ya nafaka sokoni akakuta chini yake imelowa, akamkemea mwenye mali kwa kutoiweka iliyolowa juu watu waione, akabainisha kwamba mdanganyifu hayumo katika mwendo wake. Ukuta uliolowa na nafaka iliyolowa ni hukumu moja. Sema aibu ya mali yako, punguza bei, uza. Baraka imo katika ukweli, nayo hufutwa na uficho.

Sababu ya tano: riba imewameza wanunuzi

Wengine hutuambia: "Soko lingechangamka kama watu wangekopa benki." Tulitazame hilo kwa namba. Riba za mikopo ya nyumba nchini zimekuwa zikizunguka kati ya asilimia 13 na 19. Mtu akikopa milioni 60 kwa asilimia 15 kwa miaka 20, atalipa takribani shilingi 790,000 kila mwezi. Mwisho wa miaka hiyo atakuwa ametoa karibu milioni 190. Amenunua fleti moja na kulipia tatu! Ni mwalimu gani, ni mkulima gani, ni muuza duka gani wa Singida awezaye kulibeba hilo? Basi riba haikuleta wanunuzi, imewafukuza. Na Allah (s.w.) amekwisha kuihalalisha biashara na kuiharamisha riba (2:275).

Hatukuachwa bila ya njia. Baraza la Fiqhi la Kimataifa lilipokutana Jeddah mwezi Machi 1990 lilikataa mikopo ya nyumba yenye riba na kutaja njia mbadala. Katika kikao hicho hicho likabainisha kwamba inafaa kuuza kwa awamu kwa bei iliyo juu ya ile ya taslimu, maadamu bei moja imekatwa na muda umejulikana, wala haifai kumtoza nyongeza aliyechelewa. Hapa nchini Benki ya Amana ilifunguliwa mwaka 2011 kwa misingi ya sharia, na benki nyingine zimefungua madirisha ya namna hiyo. Mwenye fleti asiye na dhiki anaweza mwenyewe kumuuzia Muislamu mwenzake kwa awamu za miaka mitano, kwa mkataba na mashahidi, kama alivyoamrisha Allah katika aya ya deni (2:282).

Tufanye nini?

Enyi warithi, anzeni mahakamani, mtoke na msimamizi mwaminifu. Lipeni madeni ya marehemu na michango ya jengo. Fuatilieni hati ya fleti yenyewe. Mwiteni mthamini aseme bei ya leo, wala si ya juzi. Kumbukeni kodi ya faida, nayo kwa mkazi ni asilimia 10, msije mkagawana kabla ya kuilipa. Semeni aibu za nyumba. Kisha ombeni dua, kwani aliyefundishwa kumfunga ngamia ndipo atawakali hakuambiwa amwache ngamia akatafute hirizi.

Nanyi mnaojiita masheikh, mnaoandika makombe ya "kufungua mauzo": mcheni Allah. Mjane anauza mbuzi wake wa mwisho awalipe nyinyi, hali ya kuwa dawa yake ilikuwa barua moja ya mahakama. Lau mngemsindikiza mahakamani siku moja, mngekuwa mmemfaa kuliko makombe ya mwaka mzima. Na maimamu wetu watukufu, tunawaomba khutba moja tu juu ya mirathi iliyolala. Mtaona ni fleti ngapi "zilizofungwa" zitafunguka.

Tunamuomba Allah (s.w.) aturuzuku halali, atuepushe na riba na shirki, na awarejeshee wajane na mayatima haki zao. Amin. Wallahu a'lam.