Sufuria ya Mwalimu

BARAZANI
Na Mwinyihaji Saburi

Mwezi uliopita nilikwenda kumjulia hali mpwa wangu, ambaye ni mwalimu wa darasa la nne katika shule moja ya msingi iliyo ng'ambo ya kusini ya mto Pangani, mahali ambapo msafiri hana budi kuvuka kwa kivuko kutoka mjini hadi Bweni, kisha akashika njia ya vumbi ipitayo baina ya minazi na mikonge. Nilifika saa nne na nusu ya asubuhi, wakati ambao, kwa ada ya shule zetu, mtu aliye nje husikia darasa zima likiitikia kwa pamoja kama wavuvi wanaovuta juya. Walakini siku ile, nilipokaribia dirisha, sikusikia ila sauti ya mtoto mmoja, nene, yenye mwangwi wa bati, ikisoma habari za sungura polepole, ikikwama, ikirudia neno, ikiendelea, na wenziwe tisini na kitu wakiwa kimya kama walio hitimani. Nikachungulia. Juu ya meza ya mwalimu palikuwa na sufuria tupu, kadiri ya kupikia wali wa watu wanne, na ndani ya sufuria imesimamishwa simu.

"Shikamoo, mjomba," akasema mpwa wangu, akitoka kunilaki mlangoni.

"Marahaba, baba. Hiyo sufuria ya nini?"

"Ndiyo spika yetu, mjomba. Simu peke yake haisikiki hadi dawati la nyuma."

Akanieleza mambo yalivyo, nami nayaeleza hapa kwa insafu, bila ya kuongeza chumvi. Kipindi cha Kiswahili ni dakika 40, na watoto darasani mwake ni 94. Hata ikiwa mwalimu atafunga kinywa chake asitamke neno lolote, kila mtoto atapata kusoma kwa sauti kwa muda usiotimia nusu dakika, tena mara moja tu, na aghalabu wale wa dawati la mbele ndio watakaosoma, wa nyuma wakabaki kuitikia wasichokiona. Basi yeye, alipokwisha kupiga hesabu hiyo, akabuni jambo la kitoto kabisa: kila siku wakati wa mapumziko watoto saba huketi chini ya mwembe, na mmoja mmoja husomea simu ya mwalimu ukurasa mmoja, kwa ile programu ya kurekodi sauti ambayo simu huja nayo kutoka dukani, isiyotaka intaneti wala malipo. Usiku, mkewe akiwa jikoni, yeye hukaa barazani na daftari akazisikiliza sauti zile saba, akaandika nani anaruka herufi, nani anabahatisha neno kwa kuangalia picha, na nani anasoma "thelathini" kwa "selasini", kosa ambalo mimi, nakiri, hunikera kuliko linavyostahili. Asubuhi, mtoto akiridhia, sauti yake huingia sufuriani na darasa zima likamsikiliza.

Kulikuwa na mtoto mmoja wa kike ambaye tangu Januari hakupata kufungua kinywa mbele ya wenziwe. Zamu yake iliangukia siku ile ile ya ziara yangu, nami nikaomba kigoda nikakaa kando ya mwembe, nikijifanya naangalia kuku. Akasoma kwa sauti ya chini mno hata nikadhani simu haikunasa kitu. Mwalimu akambonyezea, akajisikia. Akajifunika uso kwa mtandio, akacheka kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, nirudie." Akarudia. Akajisikiliza tena, akatikisa kichwa kwa mahali fulani alipokwama, akaomba tena. Na alipofika mara ya tano kengele ikagongwa, naye akainuka kwa shingo upande. Mimi nimeshika chaki miaka 34, na katika miaka yote hiyo simkumbuki hata mwanafunzi mmoja aliyepata kuniomba ruhusa ya kusoma ukurasa ule ule mara tano. Simu ilimrudishia sauti yake kama ilivyotoka, bila ya sifa wala kemeo, na mbele ya watu saba tu na kuku, na yeye mwenyewe akawa hakimu.

Nimeirefusha habari hii kwa sababu sisi, tunapoitaja teknolojia shuleni, fikira zetu hukimbilia mara moja kwenye shehena, yaani makasha yaliyofungwa kwa utepe, mgeni rasmi, na picha gazetini. Jirani zetu wa Kenya wanaikumbuka ahadi ya mwaka 2013, ya kompyuta mpakato kwa kila mtoto wa darasa la kwanza, ambayo utekelezaji wake ulipoanza mwaka 2016 ilikuwa imekwisha kugeuka kuwa vishikwambi, navyo vikafika katika shule za serikali kwa hesabu ipitayo milioni moja. Na fundi aliyetangulia kuitwa katika shule nyingi alikuwa fundi wa kuchomelea nondo madirishani, maana vifaa vilihitaji chumba cha salama kabla ya kuhitaji mwalimu. Hapa kwetu, vishikwambi vilivyotumika kuhesabia watu katika Sensa ya mwezi Agosti 2022 vilikabidhiwa walimu baadaye mwaka ule ule, jambo jema, nami ni katika walioshukuru. Walakini kitu kilichoandikwa nambari katika daftari la mali ya serikali, ambacho kikipotea mtu ataitwa ajieleze, huingiwa na hofu fulani. Hufungiwa kabatini, hutolewa kwa idhini, na mwalimu hukishika kama bwana harusi alivyoshika upanga wa kuazima. Simu yake mwenyewe anaijua kama anavyovijua viatu vyake. Kwayo hutuma pesa kwa mama yake, hupiga picha za harusi, hujibizana na wazazi katika kundi la WhatsApp hadi usiku wa manane. Na mtu hufundisha vema kwa chombo ambacho mkono wake umekwisha kukizoea, kama sisi tulivyozoea chaki.

Wala hili silo jipya. Mwaka 1973, nikiwa mwalimu kijana, nilipewa kuongoza kikundi cha watu wazima katika kampeni ya Mtu ni Afya, ambayo kwa majuma kumi na mawili iliwakusanya watu wapatao milioni 2 nchi nzima kusikiliza redio na kujadiliana habari za malaria, maji na vyoo. Redio yetu ilikaa juu ya kigoda chini ya mkungu, na wazee waliitazama kana kwamba mnenaji atatoka ndani yake. Juma moja betri zikaisha kabisa katikati ya kipindi, nami nikafadhaika, nikadhani kazi imeharibika. Lakini tulikuwa na kijitabu, nikakisoma, wakabishana kwa saa nzima juu ya nani achimbe choo kwanza, na Jumapili yake mashimo mawili yakachimbwa. Tangu siku ile sijapata kuamini kwamba chombo hufundisha. Chombo huwakusanya watu na kuwapa la kusemea, na baada ya hapo kazi ni yao na ya aliyewakalisha.

Na katika mwaka huo huo, naomba msomaji anisamehe, mimi niliyekuwa nikiongoza watu jioni kuizunguka redio, nilimnyang'anya mwanafunzi wangu kijiredio mchana, nikakifungia katika saraka ya meza hadi mwisho wa muhula. Nilidhani anasikiliza muziki wa dansi. Kumbe alikuwa anafuatisha kipindi cha Kiingereza cha shule, nami sikumuuliza. Nilipokitoa, betri zilikuwa zimevuja na kukila chote kwa ndani. Alikipokea kwa mikono miwili, kama alivyofunzwa kwao, akasema, "Ahsante, mwalimu."

Kwa hiyo ninaposikia mkuu wa shule akitamka kwamba simu ni marufuku, nukta, huwa natamani kumuuliza: simu ya nani? Marufuku kwa mwanafunzi naiunga mkono kwa mikono yote miwili, wala sioni haya kusema hivyo mbele ya vijana. Wafaransa, wasiopungukiwa na kompyuta, waliwapiga marufuku wanafunzi wao wa shule za msingi na za kati kutumia simu kwa sheria ya mwaka 2018, na Waswidi mwaka 2023 wakaanza kurudisha fedha katika vitabu vya karatasi baada ya kuona wamekwenda mbio mno na vioo. Lakini sheria ile ile ya Ufaransa imeacha mlango wazi kwa matumizi ya kufundishia, na mlango huo ndio ambao baadhi ya wakuu wetu wameukomea kwa makomeo mawili, hata mwalimu anayemulika jani kwa kamera ya simu hujificha kama mwizi wa nazi. Kuna mwalimu mwingine, tunamjua sote, anayewaandikisha watoto ubaoni kisha akazama katika simu yake hadi kengele. Huyo dawa yake ni mkuu wa shule anayetembea madarasani. Pia lipo la sauti na picha za watoto, ambazo ni amana na hazifai kurushwa huku na huku. Nilimwuliza mpwa wangu juu ya hilo kabla hajaniandalia chai. Akanionyesha: kila Ijumaa, akishanukuu alama katika daftari, hufuta zote.

Mengine aliyonionyesha nitayapitia kwa haraka. Tone la maji likiwekwa kwa ncha ya kijiti juu ya kioo cha kamera hugeuka lenzi ya kukuzia, na kwa tone hilo darasa lilimwona inzi mweupe chini ya jani la muhogo, yule yule anayeeneza ugonjwa wa batobato mashambani mwa baba zao. Mtoto mmoja akapiga kelele kwamba ana macho. Saa ya simu ya kitochi ya mlinzi ilitosha kupimia bembea ya jiwe lililofungwa uzi. Vitabu vya Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu hupakuliwa mara moja na mwalimu aliyekwenda Tanga mjini kwa shughuli zake, kisha walimu huvirushiana wenyewe kwa wenyewe ofisini, simu kwa simu, bila ya bando.

Bando! Hapo ndipo penye donda. Shule ile haina umeme, na mpwa wangu huchaji simu kwa kinyozi mwenye sola, shilingi 500 kila mara. Data hununua kwa mshahara wake. Na ile simu yenyewe, ambayo kioo chake kimepasuka kwa kuangushwa na mtoto wa darasa la nne, ni ya mkopo. Serikali hutoa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mtoto wa shule ya msingi kwa mwaka, ambayo sehemu yake hubakizwa juu kwa ajili ya vitabu, na inayobaki hufika shuleni ikiwa imekwisha kupangiwa kazi zake. Katika kazi hizo imo chaki. Hakuna afisa elimu yeyote, tangu enzi za Mwingereza hadi leo, aliyemwambia mwalimu ajinunulie chaki kwa mshahara wake, na lau angetokea wa kusema hivyo tungemwona amepungukiwa na akili. Chaji ya simu iliyosomesha watoto saba chini ya mwembe ina tofauti gani na chaki? Fedha ninayoiomba si kubwa. Ni mstari mmoja katika bajeti ya shule, unaoandikwa "chaji na bando la kufundishia", ukafanyiwa stakabadhi kama mistari mingine, na kamati ya shule ikaukagua.

Waheshimiwa wakuu wa shule na maafisa elimu kata wanaosoma safu hii, naomba mstari huo uingizwe katika makadirio ya mwaka ujao. Na wa pale ng'ambo ya Pangani, ambaye najua ataisoma, naomba aongeze na bei ya sufuria moja, kwa sababu ile iliyo mezani ni ya mke wa mpwa wangu, naye ameidai mara mbili.