Studio ya Nyumbani na Ukuta wa Jirani



Leo sikushika kalamu ili nizungumze nawe juu ya halali na haramu ya ala za muziki. Katika suala hilo wanavyuoni wamekhitilafiana tangu zamani, vitabu vimejaa, na mwenye kutaka kujua na aende akasome kwa mwalimu wake. Nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo sikuona mwanachuoni aliyelikhitilafu: haki ya yule mtu alalaye upande wa pili wa ukuta wako.

Siku hizi kijana akipata kompyuta, kipaza sauti na spika mbili, hugeuza chumba chake kikawa studio. Sisemi kuwa hilo ni baya. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenziwe iliwabidi wavuke bahari kutoka Unguja mpaka Bombay ndipo sauti zao zitiwe katika sahani za santuri. Leo kazi ile yafanyika chumbani kwa mtu, na hata wasomaji wetu wa kasida wanarikodi humo humo.

Lakini tazama inavyofanywa. Hapa Mombasa nyumba zetu za mji wa kale zimeshikana ubavu kwa ubavu. Kijana mmoja alihamia nyumba ya pili na yangu akafungua studio. Kila siku baada ya Isha mpaka saa nane za usiku, ni du, du, du. Maneno hayasikiki wala kinanda hakisikiki; ni ule mdundo tu, unapita ukutani unakuja kukaa kifuani mwako. Ghorofa ya juu yake alikuwako mama mmoja mgonjwa, mtu mzima, ambaye usingizi wenyewe aupata kwa dawa.

Nikamwendea. Alinipokea kwa adabu, hilo nalisema kwa haki yake. Akaniambia, "Maalim, hapa haitoki sauti. Tazama, nimebandika trei za mayai ukuta mzima." Nikamwomba afungulie kama afanyavyo usiku, kisha nikamshika mkono nikamleta mpaka chumbani kwangu, akasimama kando ya kitanda changu. Akasikiliza kitambo, kisha akasema, "Kumbe!"

Hiyo "kumbe" ndiyo iliyonitia uchungu. Miezi mitatu mtu anawaudhi watu, wala hakupata hata siku moja kubisha hodi akauliza, "Je, mwanisikia?"

Trei ya mayai ni karatasi, ndugu yangu. Kwenda ndani kwake haifiki hata inchi tatu. Sauti ya besi yenye mitetemo 60 kwa sekunde, urefu wa wimbi lake wakaribia mita 6, yaani yaweza kuwa ni zaidi ya chumba chenyewe! Trei zile hupunguza kidogo mwangwi wa sauti nyembamba mle ndani, basi. Sauti isitoke nje huzuiwa na uzito na kuzibwa kila upenyo, mlangoni na madirishani. Nasi watu wa pwani tukiziba madirisha tutakufa kwa joto. Na karatasi zile zikipata cheche ya waya mbovu, Mungu atuhifadhi, zawaka kama makuti.

Watasema, "Maalim, kazi hii haiwezekani bila ya kufungulia sana." Si kweli. Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani, ambaye leo ni fundi wa sauti, alinieleza habari za mwimbaji wa Marekani, Bruce Springsteen. Mwanzo wa mwaka 1982 alikaa chumbani katika nyumba huko New Jersey, yeye na gita lake, na mashine ndogo ya kaseti ya njia nne. Nyimbo alizokusudia ziwe za majaribio tu zikatolewa mwaka ule ule kuwa sahani kamili, Nebraska. Mashine ile na kompyuta ya huyu kijana, ipi yenye uwezo zaidi?

Akanieleza na jingine. Sikio, kelele ikizidi, husikia besi kuwa nyingi kuliko ilivyo. Basi mwenye kupanga nyimbo kwa kufungulia sana hudhani besi imetosha, na ikija kusikilizwa kwa sauti ndogo huwa nyembamba, haina kitu. Hili mimi sikulistaajabia. Nimesomesha watoto makharij zaidi ya miaka thelathini, na mtoto asomaye kwa kupiga kelele ndiye wa mwisho kulisikia kosa lake. Studio ni mahali pa kusikiliza. Hawa wetu wameifanya mahali pa kusikilizisha mtaa.

Na masikio yao wenyewe? Wataalamu wa afya ya kazi wanasema desibeli 85 mwisho wake ni saa 8 kwa siku, na kila zikizidi desibeli 3, muda hukatwa nusu. Hesabu mwenyewe.

Basi kijana, usiku vaa hedifoni, nazo usizifungulie mpaka mwisho. Spika zifungulie mchana, kwa kiasi, mbali na ukuta wa shirika. Mwimbaji msimamishe karibu na kipaza sauti, nyuma yake pawe na kabati la nguo au magodoro. Hayo ndiyo yatakayokufaa kwa mwangwi kuliko mayai. Ukitaka ngoma za kupigwa kwa mikono, kodi mahali penye kazi hiyo. Na kabla ya yote, bisha hodi kwa jirani.

Nawe mzazi uliyetoa fedha za spika, usiseme "ni vijana". Kanuni za kelele za nchi hii zimewekwa tangu 2009, lakini hivi kweli wataka jirani yako akakutafute kwa askari, naye ndiye atakayelibeba jeneza lako?

Kijana yule sasa avaa hedifoni usiku, na spika amezihamisha. Namshukuru. Yule mama wa juu alikuwa ameshahamishwa wiki mbili kabla, amepelekwa kwa binti yake Likoni.